Tairi gani kwa pikapu? Anza na mzigo, meno yaje baadaye

SWALI: Nina pikapu ya kabini mbili, 4x4 ya kuunganisha pale ninapoihitaji. Ilitoka kiwandani na matairi ya 265/65R17 112S na sasa yamekwisha. Karibu robo tatu ya safari zangu ni lami. Zilizobaki ni changarawe na njia ya udongo ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope. Mzigo wa kawaida ni kilo 300 hadi 700, na mara moja moja navuta tela. Muuzaji ananishauri nifunge MT (matairi ya tope) za 265/70R17 plai 10, anasema nitasahau habari za matairi. Jirani anasema HT (matairi ya lami) za kawaida zinatosha kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Muuzaji kakuuzia sura, jirani kakuuzia unafuu. Gari lako linahitaji kitu kilicho katikati, na si kwa sababu katikati ni salama, bali kwa sababu hesabu ndiyo inayoangukia hapo.

Kwa ufupi: chukua AT (matairi ya njia zote, lami na vumbi), saizi ile ile ya 265/65R17, yote manne kwa mpigo mmoja, namba ya mzigo isiyopungua 112. Kama changarawe yako ni kokoto za mviringo na udongo, AT ya kawaida au ile iliyoimarishwa yenye alama XL itakutosha. Kama ni mawe yaliyochongoka, hapo LT (tairi la magari mepesi ya mizigo) inastahili, ingawa si kwa sababu aliyokupa muuzaji. Maelezo ndiyo haya.

Mzigo kwanza

Isome upya ile namba iliyo ubavuni mwa tairi lako. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 172. R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, na karibu matairi yote ya leo ni ya namna hiyo. 17 ni rimu kwa inchi. Watu wengi huishia hapo, ilhali kinachobeba gari ni kile kinachofuata: 112 ni namba ya mzigo, S ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi lilipimwa kuuhimili likiwa na mzigo huo, yaani kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, R ni 170, T ni 190.

Namba ya mzigo si kilo; ni namba ya kwenye jedwali. 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 110 ni 1,060, 112 ni 1,120, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400 na 121 ni 1,450. Ukikuta namba mbili kama 120/117, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake upande mmoja wa ekseli, ya pili ni ya matairi pacha. Wewe soma ya kwanza.

Sasa fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo, au bati la chuma lililopigiliwa mahali pengine kwenye gari. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli ya nyuma. Tuseme ni kilo 1,800. Gawanya kwa mbili: kila tairi la nyuma libebe kilo 900, yaani namba 104 ndiyo ya chini kabisa. Tairi lako la 112 linabeba 1,120. Kuna kato moja la kukumbuka: tairi lisilo na herufi LT mbele ya saizi wala C nyuma yake limetengenezwa kwa vipimo vya magari ya abiria, na kanuni za Marekani hutaka uwezo wake ugawanywe kwa 1.1 likifungwa kwenye pikapu, kwa kuwa pikapu husukwasukwa na kuzidishiwa mzigo kuliko gari dogo. 1,120 gawa kwa 1.1 ni kilo 1,018. Bado uko juu ya 900 kwa kilo zaidi ya mia moja. Kwa uzito peke yake, basi, plai 10, lile daraja la nguvu ya tairi, huna haja nayo.

Kinachowaponyoka wengi ni tela. Chukua tela la kilo 2,000 lililopakiwa vizuri. Karibu asilimia 10 ya uzito wake, kilo 200, hukandamiza ndoano. Lakini ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo gari hufanya kazi kama ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka: ekseli ya nyuma ndiyo egemeo, pua huinuka. Kama ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.1, zile kilo 200 zinakuwa takriban 277 juu ya ekseli ya nyuma, na ya mbele inapunguziwa 77. Gari tupu lenye kilo 850 nyuma, ongeza kilo 650 za mzigo wa bodi, ongeza 277 za tela: umefika 1,777. Abiria wawili wakikaa kiti cha nyuma, umevuka mpaka wa ekseli. Tairi bado lina akiba. Fani, springi na ekseli hazina. Plai 10 haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa vitu hivyo. Kwa hiyo siku ya kuvuta tela zito, punguza mzigo wa bodi. Dawa ya hapo haiuzwi kwenye duka la matairi.

Plai 10 ni nini hasa

Zamani plai zilihesabika: tabaka za kitambaa cha pamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Siku hizi ni daraja la nguvu tu. Tairi linaloitwa la plai 10 linaweza kuwa na tabaka mbili au tatu za poliesta ubavuni pamoja na mikanda ya chuma chini ya kashata, yaani chini ya yale meno yanayokanyaga ardhi. Ubavuni utakuta herufi: C ni sawa na plai 6 na upepo wa mzigo wa juu wa psi 50 (psi ni kipimo cha upepo), D ni plai 8 na psi 65, E ni plai 10 na psi 80. Usiichanganye C hii na ile C ya mwisho wa saizi kama 195R14C au 215/70R16C, ambayo ni mtindo wa Ulaya na Asia wa kutambulisha matairi ya magari ya biashara.

Katika saizi yako, LT265/65R17 ya daraja E huwa na namba 120/117. Kilo 1,400 kwa tairi moja, zinavutia. Ila kilo hizo zinapatikana kwa psi 80. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika kubadilisha kutoka tairi la kawaida kwenda LT, na mafundi wengi hawausemi: kwa upepo ule ule, tuseme psi 33, LT inabeba uzito mdogo kuliko tairi la kawaida la saizi ile ile. Uwezo wake umepangwa juu ya ngazi ndefu ya upepo, nawe umesimama ngazi ya chini. Ukifunga LT ukajaza psi za kwenye kibandiko kana kwamba hakuna kilichobadilika, ukapakia kilo 700, tairi lako "imara" linaendeshwa likiwa na upepo pungufu.

Na upepo pungufu ndio unaoua matairi ya pikapu kuliko msumari. Kila tairi linapozunguka, ubavu hukunjika penye ardhi na kunyooka tena, mamia ya mara kwa dakika. Upepo ukiwa mdogo au mzigo ukiwa mkubwa, mkunjo unakuwa mkubwa, na mkunjo huzaa joto ndani ya mpira mahali ambapo mkono haufiki. Joto likikaa muda mrefu, mpira huanza kuachana na mikanda ya chuma. Kwa nje huoni kitu, pengine uvimbe mdogo tu au mtikisiko usioeleweka. Kisha siku moja, jua kali, gari limepakiwa, mwendo wa lami, kashata nzima inabanduka kama gome la mti. Watu husema tairi lilikuwa bovu kutoka kiwandani. Mara nyingi lilipikwa taratibu kwa miezi.

Basi ukichagua LT, uliza jedwali la upepo na mzigo la mtengenezaji wa tairi hilo. Tafuta ni psi ngapi zinazobeba uzito uleule ambao tairi la kiwandani lilikuwa linabeba kwa upepo wa kwenye kibandiko. Jibu litakuwa juu ya kibandiko kwa psi kadhaa, si 80. Psi 80 kwenye pikapu tupu ni kosa la upande wa pili: tairi linavimba katikati, linakanyaga kwa utepe mwembamba, linaisha katikati, linarusha mgongo wa dereva na breki za mvua zinakuwa ndefu. Namba ya psi iliyoandikwa ubavuni ni upepo unaoambatana na mzigo wa juu kabisa au kikomo cha tairi. Si maelekezo ya kila siku.

Faida halisi ya LT iko kwingine: ubavu mnene usiochanika kwa jiwe kali, kashata ngumu isiyomegeka kwenye changarawe, na utulivu wa gari unapovuta. Gharama yake ni uzito. Kila tairi linaweza kuongezeka kilo nne hadi sita, na kilo hizo ziko chini ya springi na zinazunguka. Shokapu zinafanya kazi zaidi, kuondoka na kusimama kunahitaji nguvu zaidi, mafuta yanaongezeka. XL ni njia ya kati nzuri: saizi ile ile, namba ya mzigo 116, upepo wa juu kidogo tu kuliko wa kawaida. Usitarajie ubavu wake uwe mnene kama wa LT, ingawa.

Saizi: milimita 13 zinagharimu nini

Kipenyo cha tairi zima ni ubavu mara mbili ukijumlisha rimu. Inchi 17 ni milimita 431.8. 265/65R17 inatoa milimita 776. 265/70R17 aliyopendekeza muuzaji inatoa 803. Ongezeko ni asilimia 3.4. Gari linainuka nusu ya tofauti hiyo, milimita 13, unene wa kidole. Hicho ndicho kimo chote unachonunua.

Unachokilipia: spidomita ikisoma 100, gari linakwenda kasi kidogo zaidi ya lilivyokuwa likienda kwa namba hiyo hiyo, kama 103 badala ya 100. Gia zote zinakuwa "ndefu" kwa asilimia hizo hizo, na utaliona hilo kwenye mlima ukiwa na tela. Magari mengine hukwaruza matao ya magurudumu unapokata kona kali ukiwa umepakia. Kupima, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili gurudumu moja la mbele likiwa limepanda kitu cha kuliinua. Na tairi la akiba la saizi mpya lazima lienee chini ya bodi. Nchi nyingi zina kikomo cha kisheria cha tofauti ya kipenyo, na bima hupenda kukumbuka kikomo hicho siku ya ajali.

Kama unataka ubavu mrefu kwa ajili ya njia mbaya, kuna njia ya akili zaidi. 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777, sawa kabisa na yako, lakini ubavu wake ni milimita 186 badala ya 172. Unahitaji rimu za inchi 16 zinazopita juu ya kalipa za breki, jambo ambalo halikubali kwa kila gari. Jaribu rimu tupu kwanza kabla ya kununua chochote. Kinyume chake, 265/60R18 ni milimita 775 na ubavu wa 159. Nzuri kwa lami, mbaya kwa mashimo.

Kwenye rimu zako, upana wa 265/65R17 unakubali rimu ya inchi 7.5 hadi 9.5. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hutoa mabega yanayoyumba.

Meno

HT ina mitaro membamba na mpira mwingi unaogusa lami. Inatulia, haipigi kelele, inasimama vizuri kwenye mvua, inadumu. Kwenye udongo wenye mvua mitaro yake hujaa kwa mizunguko michache tu, kisha unaendesha juu ya maandazi manne laini. Kwenye changarawe kali mpira wake humegeka. Jirani yako angekuwa sahihi kama sehemu isiyo ya lami ingekuwa vumbi kavu.

MT ni kinyume. Vipande vikubwa, mapengo makubwa, mabega yenye meno. Mapengo hayo yana kazi moja hasa: kubeba tope na kulitema gurudumu linapozunguka kwa kasi. Kwa kazi hiyo hakuna inayoishinda. Lakini pengo halina mpira, na pasipo mpira hapana mshiko. Kwenye lami yenye maji MT inakanyaga kwa eneo dogo na vipande virefu vinavyopindapinda, kwa hiyo breki hurefuka na kona huwa za wasiwasi, hasa pikapu ikiwa tupu na nyuma nyepesi. Robo tatu ya maisha ya gari lako iko huko. Vipande virefu pia huliwa upande mmoja, vikawa kama ngazi, na mlio wake baada ya kilomita elfu kumi hauna redio inayoushinda. "Utasahau habari za matairi" ni kinyume cha ukweli: MT ndiyo inayodai kuzungushwa mara kwa mara kuliko zote, kila kilomita 5,000 hivi.

AT inakaa kati, na zinatofautiana sana zenyewe kwa zenyewe. Dukani usitazame jina, tazama mambo matatu. Kwanza, mikato midogo myembamba juu ya kila jino: ikiwa mingi na mirefu, mshiko wa mvua ni mzuri, ikiwa michache au ya kina kifupi, hiyo ni MT iliyovaa koti la AT. Pili, mabega: kuwe na mapengo yanayotokeza hadi ubavuni, kwa sababu huko ndiko tope hutemwa. Tatu, vinundu vidogo vya mpira chini ya mitaro. Hivyo huzuia kokoto zisikwame na kuchimba hadi kwenye mikanda ya chuma. Kina cha kashata mpya ya AT mara nyingi ni milimita 10 hadi 13. Aina ya RT, iliyo kati ya AT na MT, inafaa kama tope lako ni la karibu kila wiki. Kwa maelezo yako si hivyo.

Kwa zile siku za tope ukiwa na AT, upepo utakusaidia kuliko meno. Shusha hadi psi 22 au 25, endesha polepole, unganisha magurudumu manne kabla ya kuingia na si baada ya kukwama. Kwenye mchanga laini, psi 16 hadi 18 na mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Chini ya 15 ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona. Namba hizi ni za gari lisilo na mzigo mkubwa, na kompresa ndogo ndani ya gari si anasa, kwa sababu ukirudi lami na psi 20 unarudi kwenye ile habari ya kupikwa. Kwa tope zito la mfinyanzi linalonata, AT itaziba hata ufanyeje, beba minyororo.

Kuhusu alama: M+S ni tamko la mtengenezaji tu. Mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ni alama ya tairi lililofaulu jaribio la theluji. Kama hukutani na theluji, isikuongezee bei.

Dukani

Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingine upande mmoja wa tairi hauna tarakimu hizo. Tazama wa pili, usikubali kuambiwa zimefutika. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri ukaguzi wa kila mwaka baada ya miaka mitano na kuondoa tairi likitimiza 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata ipo. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema sita. Tairi "jipya" lenye miaka minne tayari limekula sehemu ya maisha yako. Likatae au lishushwe bei sana.

Nunua manne yanayofanana. Ukilazimika kununua mawili, mapya yakae nyuma hata kama unaona ya mbele ndiyo yanayoongoza gari: nyuma ikiteleza kwenye maji, gari hugeuka na huwezi kulirudisha, ilhali mbele ikiteleza unalihisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Lakini kwa 4x4 kama yako, mapya na ya zamani yana vipenyo tofauti, na ukiunganisha magurudumu manne ekseli ya mbele na ya nyuma zinataka kuzunguka kwa kasi mbili tofauti. Kwenye tope tofauti hiyo humezwa na kuteleza. Kwenye ardhi ngumu inamezwa na meno ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Usichanganye kamwe MT nyuma na HT mbele, wala LT na ya kawaida kwenye ekseli moja.

Daraja za uimara, mshiko na joto unazoona kwenye matairi ya kawaida, kama "400 A B", hazipo kwenye LT, kwa hiyo usizitumie kulinganisha aina hizo mbili. Hata ndani ya aina moja zinasaidia zaidi kulinganisha matairi ya mtengenezaji mmoja.

Wakati wa kufunga, dai nozeli mpya, balansi ya magurudumu yote, na alaimenti. Kabla ya yote mtake fundi atazame matairi ya zamani, maana yana habari. Yakiwa yameliwa katikati, ulizidisha upepo. Mabega yote mawili, ulipunguza. Bega moja tu, alaimenti. Mabonde mabonde kuzunguka tairi, shokapu zimechoka au balansi mbovu. Ukifunga matairi mapya juu ya shokapu mbovu utanunua mengine mapema. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota na kwa spana yenye kipimo, si kwa mashine ya upepo hadi ilie. Kipimo kisome kwenye kitabu cha gari lako: kwa baadhi ya pikapu, rimu ya chuma na ya aloi zina namba zinazoachana sana. Zikague tena baada ya kilomita 80 hadi 100.

Baada ya hapo

Pima upepo tairi likiwa la baridi, yaani limekaa saa tatu bila kutembea. Vibandiko vingi vina safu mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Tofauti yake nyuma huwa kubwa, usiipuuze siku ya kilo 700. Ubaridi wa asubuhi hushusha takriban psi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Kuna kipimo cha zamani cha madereva wa nje ya lami kinachofaa hasa ukiwa umebadilisha aina ya tairi: pima likiwa baridi, endesha saa moja ukiwa na mzigo, pima tena. Tairi la kawaida likipanda karibu psi 4, LT karibu 6, uko sawa. Likipanda zaidi, lilikuwa na upepo mdogo mno tangu asubuhi, na hapo watu hukosea kwa kupunguza wakidhani umezidi. Kesho yake ongeza, likiwa baridi.

Zungusha kila kilomita 8,000 hadi 10,000: ya nyuma yaje mbele upande uleule, ya mbele yaende nyuma kwa kupishana. Kama tairi la akiba ni la saizi na aina ileile, liingize kwenye mzunguko, matano yataisha pamoja. Vikingamo vidogo ndani ya mitaro viko kwenye kina cha milimita 1.6, hapo sheria nyingi zinasema tairi limekwisha, lakini kwa pikapu inayotembea mvua na tope, AT huwa imepoteza kazi yake ikifika milimita 4.

Tundu la msumari lisilozidi milimita 6 katikati ya kashata linazibika kwa kiraka chenye kizibo kinachowekwa kutoka ndani, tairi likiwa limevuliwa kwenye rimu. Ule uzi unaochomekwa kwa nje ni wa kukufikisha nyumbani. Ubavu haupigwi kiraka.

La mwisho ni lile linaloning'inia chini ya bodi, linalokula tope na kusahauliwa hadi siku ya pancha. Lijaze kiwango cha gari lililojaa, utalipunguza ukilifunga. Teremsha winchi yake kila unapozungusha matairi, uipake grisi mnyororo, uone kama inashuka. Winchi na mnyororo vikishika kutu, tairi zima liko pale na huwezi kulitoa.